Kijiji Ndani ya Programu: Bonde la Kilombero katika Matoleo ya Awali ya Uigaji wa Malaria

Katika bao hakuna nasibu. Kete 64 zimo mbele ya wachezaji wote wawili, sheria zinajulikana, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake mwenyewe. Karata na dadu ni mbali: humo mchezaji hupewa asichokichagua, kisha hupimwa kwa jinsi anavyokitumia. Michezo ya kompyuta imefuata njia zote mbili, na miongoni mwa koo zake kongwe umo ukoo uitwao kwa jina la mzazi wake, Rogue, mchezo uliotungwa mnamo mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman katika Chuo Kikuu cha California, huko Santa Cruz, na kuendelezwa baadaye pamoja na Ken Arnold wa Berkeley. Mchezaji wa Rogue huingia katika pango lenye vyumba vingi vilivyochorwa kwa herufi na alama za taipu tu. Kila aanzapo upya, nasibu humpangia vyumba vingine, na akifa amekufa. Hawezi kurudi hatua moja nyuma ili ajaribu tena.

Ukoo huo ulizaa michezo mingi midogo isiyojulikana na watu wengi, iliyotungwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, mara nyingi bila malipo. NetHack, uliotolewa mwaka 1987, ni kazi ya watu walioshirikiana wakiwa mbalimbali, wengine pasipo kuonana uso kwa uso. Desturi moja ya waandishi wa namna hiyo inastahili kuangaliwa na mwanahistoria: hawatupi matoleo ya zamani. Kila toleo lina namba yake, na aliye na toleo la kale anaweza kuona sheria zilivyokuwa kabla hazijabadilishwa. Kwa hiyo mchezo una historia iliyoandikwa, kama shairi ambalo miswada yake yote imehifadhiwa.

Nasibu, kifo kisicho na marejeo, ushirikiano wa wasiojuana na uhifadhi wa matoleo ya awali ni mambo manne yanayopatikana pia katika programu moja ambayo si ya kuchezea hata kidogo, na ambayo sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero. Programu hiyo ni OpenMalaria. Makala haya yanaeleza jinsi vijiji viwili vya Tanzania vilivyoingia ndani yake, jinsi matoleo yake yalivyofuatana, na jambo gani la lugha limeachwa nje.

I. Ifakara na madaftari yake

Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilianzishwa mjini Basel mwaka 1943. Mkuu wake wa kwanza, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ndogo ya utafiti ikafunguliwa hapo. Mwaka huohuo wa 1957 George Macdonald alitoa kitabu chake kikubwa juu ya uenezi wa malaria na namna ya kuuzuia, akiendeleza hesabu alizokuwa ameziasisi Ronald Ross mwanzoni mwa karne. Mambo hayo mawili yalitokea mbali na bila kuhusiana: upande mmoja watu wa hesabu waliokuwa na kanuni lakini takwimu chache, upande wa pili maabara iliyozungukwa na mbu, wagonjwa na mto ufurikao. Ilipita miaka mingi kabla pande hizo hazijakutana. Maabara ile iliendelea kukua, mwaka 1996 ikawa kituo chenye bodi yake ya Kitanzania, na tangu mwaka 2008 inajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Kiini cha simulizi hii ni Namawala na Idete, vijiji vilivyo upande wa magharibi wa Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walitega mbu kwa mitego ya taa katika vyumba vya kulala vya Namawala, wakawahesabu na kuwapasua ili kujua ni wangapi waliobeba vimelea. Hesabu ilionyesha kwamba mtu wa bonde lile aliumwa na mbu wenye maambukizo zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku wa Mungu. Tena lilionekana jambo lililowashangaza wengi: mbu walipanda na kushuka sana kwa kufuata masika na kiangazi, lakini idadi ya watu wenye vimelea katika damu haikupanda na kushuka pamoja nao. Watu walikuwa wamekwisha kujaa maambukizo kiasi kwamba mvua haikuongeza neno.

Huko Idete, katika miaka ya 1993 na 1994, watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, nayo ilikuwa na shaka kubwa pembeni yake. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuthibitisha faida, na chanjo ile ikaachwa. Lakini madaftari hayakuachwa. Umri wa kila mtoto, vimelea vyake na siku aliyopelekwa zahanati akiwa na homa vilibaki kwenye kumbukumbu, navyo vikawa na maisha marefu kuliko chanjo yenyewe.

II. Jinsi uigaji unavyofanya kazi

Mwaka 1974 haukuwa wa kompyuta za mezani, lakini mwaka huo Klaus Dietz na wenzake walitoa kielelezo cha hesabu kilichojengwa kwa utafiti wa Garki, kaskazini mwa Nijeria. Kielelezo hicho kiliwagawa watu katika mafungu: walio wazima, walioambukizwa, wenye kinga. Wataalamu wa Basel, wakiongozwa na Thomas Smith, walichagua njia nyingine. Badala ya mafungu, waliiagiza kompyuta iumbe watu mmoja mmoja. Matokeo ya kazi yao ya mwanzo yalitolewa mwaka 2006 katika nyongeza maalumu ya jarida la Marekani la tiba na afya ya tropiki.

Mtu wa programu huzaliwa, hukua na hatimaye hutoka. Muda humwendea kwa hatua za siku 5. Katika kila hatua programu hutupa namna ya dadu: je, ameambukizwa upya? Vimelea alivyo navyo vimezidi au vimepungua? Je, homa imempata, na kama imempata, amepelekwa kutibiwa? Je, amepona au amekufa? Majibu hayatoki hewani. Uwezekano wa kila jambo umepimwa kwa kulinganisha matokeo ya programu na yale yaliyoonekana kweli vijijini, na kurekebisha mpaka viwili hivyo vikaribiane. Kwa habari ya vimelea na umri, vipimo vilitoka mahali sita: vijiji vitatu vya Garki, Navrongo nchini Ghana, na vyetu viwili, Namawala na Idete.

Kabla ya swali lolote kuulizwa, kijiji cha programu huachwa kiishi muda wa umri mzima wa mwanadamu, ili kila mtu apate kinga inayolingana na miaka aliyoumwa na mbu. Ndipo chandarua, dawa au chanjo huingizwa, na tofauti ikatazamwa. Na kwa kuwa nasibu humletea kila mtu bahati yake, swali moja haliulizwi mara moja. Huulizwa tena na tena kwa mwanzo tofauti. Namba inayoanzisha mfuatano wa nasibu huitwa mbegu. Atumiaye mbegu ileile na toleo lilelile hupata kijiji kilekile, vifo vilevile, siku zilezile. Kanuni hiyo inajulikana sana na wachezaji wa ukoo wa Rogue, ambao hupeana mbegu ili wawili waingie pango moja.

Ufanano unaishia hapo, na ni vema kuuwekea mpaka. Katika mchezo, kifo ni adhabu ya mchezaji. Katika programu hii, hakuna mchezaji wa kuadhibiwa. Kifo cha mtu asiyekuwako kinahesabiwa ili kiwe dokezo juu ya kifo cha mtu aliyeko.

III. Ushirika wa wasiojuana

Kuumba vijiji vingi hivyo kulizidi nguvu za kompyuta za taasisi moja. Hapo ushirikiano ulitafutwa kwa watu baki. Mfumo uitwao BOINC, uliotengenezwa Berkeley na David Anderson na wenzake, ulimwezesha mtu yeyote kuazima kompyuta yake wakati haitumiki. Kwa njia hiyo mradi wa malariacontrol.net ulianza kujaribiwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ukatangazwa chini ya mwavuli wa Africa@home, ambamo Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilishirikiana na kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na wengineo. Katika majaribio ya mwanzo watu 500 waliojitolea walifanya kwa miezi michache kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Mradi ulidumu hadi mwaka 2016.

Huo ni msaragambo wa namna yake. Katika msaragambo wa kijijini, kila mmoja huja na jembe lake, hulima kipande chake, na jioni shamba la mwenzao limekwisha. Mtu wa Ulaya au Marekani aliyeiacha kompyuta yake ikifanya kazi usiku alipewa kipande kimoja cha swali. Hakukiona kijiji chote, na yamkini hakujua Namawala iko wapi. Hata hivyo mbu wa Namawala walipita katika mtambo wake. Ni mara chache katika historia kijiji kidogo cha Tanzania kimebebwa na watu wengi kiasi hicho bila wao kukijua, na bila chenyewe kupata habari.

IV. Matoleo ya awali na thamani yake

Msimbo wa OpenMalaria uliwekwa wazi kwa leseni ya programu huria, na tangu hapo kila badiliko lina kumbukumbu. Muundo wa mafaili yanayoieleza programu kijiji cha kuumba nao umepewa namba toleo baada ya toleo, na maelezo ya namba za zamani yamehifadhiwa. Chombo maalumu kilitungwa cha kulihamisha faili la toleo la kale liingie katika toleo jipya, kama mwandishi anayenakili hati ya zamani kwa tahajia ya siku zake.

Msomaji anayefungua mafaili ya mfano ya programu hiyo hukuta jambo la ajabu kidogo. Pale panapoandikwa mgawanyo wa umri wa watu, mara nyingi jina lililowekwa ni Ifakara. Pale panapoelezwa mbu na majira yao, jina ni Namawala. Majina hayo ni lebo tu, kompyuta haiyajali. Lakini mafaili hunakiliwa na kurekebishwa na watafiti wa nchi nyingine, na jina huweza kusafiri na nakala hata panapohusika mahali pengine kabisa. Wataalamu wa majina ya mahali wanaijua hali hiyo: jina huhama na watu, hutua mahali papya, na maana yake ya kwanza hubaki kwa wachache wanaokumbuka.

Matoleo ya awali yana thamani nyingine iliyo kubwa zaidi. Bonde lililopimwa kabla ya mwaka 1995 halipo tena. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na mwaka huohuo vijiji 25 vya wilaya hizo viliwekwa katika daftari la kudumu la kuhesabu kaya, vizazi na vifo. Maambukizo yalipungua sana. Anopheles gambiae, mbu aliyetawala usiku wa Namawala, karibu ametoweka bondeni. Leo wengi wa mbu waambukizao ni wa jamii ya Anopheles funestus. Kijiji cha kuumwa mara 300 kwa mwaka kimebaki katika kumbukumbu za maandishi, katika vinywa vya wazee, na ndani ya programu, ambamo kinaweza kuamshwa wakati wowote na kuishi tena.

Mwaka 2012 Smith na wenzake walifanya jambo linalostahili kuigwa na wahariri wa maandiko. Walipotaka kukadiria faida ya chanjo mpya ya RTS,S, hawakuchagua namna moja ya programu na kuzikataa nyingine. Walitumia namna 14 zilizotofautiana katika dhana zake, wakaonyesha majibu yote pamoja. Ndivyo mhariri mwadilifu anavyoutendea utenzi wenye miswada mingi: haufichi mswada usiopatana na wake. Na mwaka 2021, programu ilipopimwa upya kwa mbinu mpya za kompyuta, kipimo kilikuwa bado kumbukumbu zilezile za vijijini, Namawala na Idete zikiwamo. Sheria zimebadilika, mashahidi ni walewale.

V. Neno lililo nyuma ya tarakimu

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wanafunzi wa lugha. Tarakimu za homa zilizotumiwa kuipima programu hazikuanza kwa tarakimu. Zilianza kwa mama aliyemwona mwanawe amebadilika, akalipa jina lile aliloliona, na kwa jina hilo akaamua aende wapi.

Neno homa katika Kiswahili lina uwanja mpana. Laweza kuwa joto la mwili linalopimika, na laweza kuwa kujisikia vibaya tu. Neno malaria liliingia kwa mlango wa hospitali, likakaa kando ya homa bila kulifukuza. Degedege ni neno jingine kabisa: mtoto hukakamaa, macho hugeuka, na wengi wamelihusisha jina hilo na ndege apitaye usiku. Daktari huona katika degedege malaria kali; lakini aliyeamini kwamba ni ugonjwa wa namna nyingine, na kwamba sindano ingeuzidisha, alimpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Utafiti wa Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner uliofanywa Ifakara na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha ugumu wa ziada. Watu waliyakubali mafundisho ya hospitali juu ya mbu na vimelea, lakini waliongeza kwamba mchawi anaweza kuvificha vimelea visionekane kwa darubini, au kutengeneza malaria ya uongo isiyosikia dawa. Mafundisho hayakushindwa; yalimezwa na kutiwa katika maelezo mapana zaidi.

Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa zahanatini alikuwa amekwisha kupita katika chujio la maneno. Aliyeitwa mwenye homa alifika. Aliyeitwa mwenye degedege pengine alichelewa, au hakufika. Waandishi wa programu hawakulisahau jambo hilo: ndani yake mna namba inayoonyesha ni sehemu gani ya wagonjwa wanaofikia tiba. Lakini namba hiyo ni moja, ilhali sababu zake ni kamusi nzima. Toleo la awali linahifadhi ni wangapi waliofika. Halihifadhi waliitwaje.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale na yamekwisha. Hayajaisha. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya kazi ambayo OpenMalaria ilitumiwa kukadiria, kwa halmashauri moja moja kati ya halmashauri 184 za Tanzania Bara, ni mchanganyiko gani wa vyandarua, dawa na hatua nyingine ungefaa zaidi, ili kuusaidia mpango wa taifa wa kudhibiti malaria kupanga mikakati yake. Kijiji kilichotoka Kilombero kama madaftari kimerudi Tanzania kama ushauri. Ofisa wa wilaya anayepokea ushauri huo anahitaji kujua umetokana na nini, na anahitaji kuuliza maswali yake kwa lugha anayofanyia kazi na wananchi.

Kazi mbili zinafuata. Ya kwanza ni ya istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizaa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, ambayo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuamuru kompyuta. Uigaji, mbegu, hatua ya muda, kipimo na namna ya kielelezo ni maneno yanayongoja kukubaliwa na kuzoewa kwa jinsi hiyohiyo. Ya pili ni ya uhifadhi. Msimbo wa matoleo ya awali uko salama, kwa sababu watu wa programu wana desturi ya kutotupa. Fomu za maswali, zilizoulizwa kwa Kiswahili mlangoni mwa nyumba za Namawala na Idete, na majibu yaliyotolewa kabla hayajageuzwa kuwa tarakimu, yanastahili uangalizi uleule, kwa kuwa ndiyo mswada wa kwanza kabisa wa kazi hii.

Aliye na mbegu na toleo la mwaka fulani anaweza kukifufua kijiji cha programu siku yoyote. Hakuna mbegu ya kumfufua mama aliyesimama mlangoni na kusema mwanangu ana homa. Kilichobaki ni neno lake, iwapo liliandikwa.